Nyota Bubu wa Peckham

Jumapili, 6 Oktoba

Mimi Émilienne, mama yake Miradie, mzaliwa wa Bukavu na mkaaji wa Lewisham, London, nimenyimwa kusema. Ndiyo maana nimeanza kuandika. Mtu mwenye maneno mengi kama mimi asipoyatoa kwa mdomo, yatamtokea puani.

Wiki iliyopita walinipasua shingo kuondoa rovu. Daktari alinieleza mapema, kwa upole, kwamba mshipa wa fahamu unaoendesha sauti unapita palepale, unaweza kuumia, na ukiumia unaweza kuamka baada ya miezi au usiamke kabisa. Nikamwambia akate. Nimeamka bila rovu na bila sauti. Nikifungua mdomo inatoka hewa tu, fyuu, kama tairi la baiskeli. Nimeambiwa kila asubuhi niseme "aaa" taratibu, mara moja, halafu ninyamaze, na nisijilazimishe kunong'ona. Kunong'ona? Mimi? Kunong'ona ni kazi ya wezi na wachumba.

Wasionijua wajue: kanisani kwetu mimi ndiye mama wa matangazo. Nani kajifungua, nani kafiwa, harusi ni lini, gari la nani limeziba mlango, yote hupita kwangu, tena bila maikrofoni. Pasta Serge ana maikrofoni kwa sababu anaihitaji. Leo matangazo yamesomwa na Stéphanie, kwa maikrofoni, na bado watu wa nyuma walikuwa wanaulizana, "Kasema nini?" Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka nikasahau maumivu.

Lakini njiani kurudi nyumbani furaha iliisha. Sauti isiporudi, mimi nitakuwa nani? Watu wananijua kwa sauti kabla hawajaniona. Naogopa. Nimeandika, basi, yatosha.

Jumatatu, 7 Oktoba

Aaa. Upepo.

Jumatano, 9 Oktoba

Upepo. Mvua. Kazini Croydon, kwenye ofisi ninazosafisha, msimamizi ameniuliza kama nimemkasirikia. Nimemwacha afikiri hivyo. Amenibebea ndoo.

Ijumaa, 11 Oktoba

Upepo. Miradie wangu ana miaka ishirini, anasoma chuo, kazaliwa hapahapa London. Mimi humwambia kwa Kiswahili, yeye hujibu kwa Kiingereza, na ndivyo tulivyoishi siku zote, redio mbili kwenye jiko moja. Alikuwa hachoki kuniambia, "Mum, unapiga kelele." Nilidhani sasa atasherehekea.

Leo nimemwonyesha kwa mikono atoe takataka. Amenitazama mpaka nikamaliza, kisha akazitoa bila neno. Tangu azaliwe haijawahi kutokea. Sijapenda.

Jumamosi, 19 Oktoba

Leo nimegombana na Kailash, na nimeshinda.

Kailash ana duka Peckham: mihogo, ndizi, sombe ya barafu, yale majani ya muhogo, samaki wakavu. Ni Mhindi wa Kisumu, na Kiswahili chake kina Kenya nzima ndani. Juzi aliniuzia sambaza, wale dagaa wa ziwa letu la Kivu, ati wamefika sasa hivi. Nilipofungua mfuko, mama wee, harufu! Leo nimemrudishia.

Kawaida ningeanza kelele tangu kituo cha basi. Kelele sina. Basi nikaweka mfuko juu ya kaunta, nikamtoa dagaa mmoja kwa ncha za vidole, nikamnusa. Nikayumba. Nikashika kaunta nisianguke. Nikamlaza dagaa juu ya leso yangu, nikamvika sanda, nikainamisha kichwa, nikamwombea. Nikachota udongo wa hewa nikamfukia, taratibu, kama mtu aliyempenda. Kisha nikainua uso, nikamnyooshea Kailash midomo: muuaji ndiye huyu.

Foleni nzima ilivunjika mbavu. Mama mmoja wa Kighana alikaa chini juu ya gunia la mchele.

"Aki Mama Miradie, umenimaliza!" Kailash alisema, machozi yanamtoka. "Hiyo samaki nililetewa hivyo, sikujua bana! Chukua ingine. Chukua mbili."

Nikachukua mbili. Nilipogeuka nikamkuta mwanawe, Nikhil, amesimama kwenye friji, amesahau kufunga mlango wake. Kazaliwa Croydon; Kiswahili chake ni cha dukani tu: kilo, kesho, hakuna. Maneno mengine yote akaniambia kwa Kiingereza. Ati anatengeneza filamu bubu. Nyeusi na nyeupe, bila neno hata moja, kama zile za zamani sana ambazo mwigizaji alisema kwa macho na ukumbi mzima ukalia. Ametafuta mwigizaji kiangazi chote. Wote wanajua kusema, ati, lakini ukiwanyamazisha wanakuwa kama wanasubiri zamu yao.

"Anti," akasema, "tafadhali."

Nikainua kidevu. Nikafikiri kwa muda unaomstahili mwanamke wa heshima zake. Kisha nikainamisha kichwa: ndiyo.

Jumapili, 20 Oktoba

Upepo. Kanisani Stéphanie amesoma matangazo, tena kule pembeni karibu na kinanda, sijui anamringia nani. Watu wa nyuma: "Kasema nini?" Nimekaa wima. Mimi ni mwigizaji wa sinema.

Ijumaa, 25 Oktoba

Upepo. Leo namuwaza Adolphe, na kwa nini nisimuwaze, kazi hii ilikuwa yake.

Kule Kadutu, mtaa wetu wa Bukavu, kulikuwa na ukumbi wa video, mabenchi na televisheni moja. Filamu zilikuwa za Kichina na za Kihindi, na hakuna aliyeelewa kitu. Basi Adolphe alisimama kando ya televisheni na fimbo mkononi, akatueleza kwa Kiswahili wanasema nini. Alifanya sauti zote: mwanamume, mwanamke, mzee, farasi. Kichina alikuwa hajui hata kidogo! Alikuwa anatunga.

Siku moja mwanamke wa kwenye filamu alikuwa analia, na Adolphe akasema analia kwa sababu mumewe kamnyima kitenge. Nilikuwa benchi la tatu. Nilisimama. Nikapaza sauti: "Uongo! Hakusema hivyo!"

Ukumbi ukageuka. Adolphe akanitazama, akaninyooshea fimbo. "Basi njoo useme wewe!"

Nikaenda. Nikasema alichokuwa anasema yule mwanamke. Watu walilia, nakuapia, mpaka wanaume. Mwaka uliofuata tukaoana.

Nilikuja huku na Miradie tumboni, Adolphe atufuate makaratasi yakipatikana. Alikufa Bukavu kabla hayajapatikana. Sauti ya mtoto wake aliisikia kwenye simu, uso wake hakuuona. Miradie nimemwambia tu kwamba baba yake alifanya kazi ya sinema. Hayo ya benchi sijawahi kumwambia, ni yangu. Nadhani anafikiri baba yake aliuza tiketi.

Kama angekuwepo, Adolphe angenipa sauti.

Jumamosi, 2 Novemba

Upepo. Siku ya kwanza ya kupiga picha, sokoni Lewisham, baridi ya kukata masikio. Filamu inaitwa *Sufuria*. Ni habari ya mama ambaye mwanawe amelazwa hospitali, naye hataki mtoto ale chakula cha kule, kwa hiyo anavuka London na sufuria kubwa ya sombe na bugali. Basi linamwacha, tramu inamfungia mlango, mlinzi anamkataza, njiwa wanamfuata. Mwana anaigizwa na Gires, mpiga ngoma wa kanisa. Sufuria ni yangu mwenyewe, ile ya harusi na matanga. Nikhil alileta yake ya plastiki iliyopakwa rangi ya fedha. Nikaitazama tu. Akairudisha garini.

Jumamosi, 9 Novemba

Upepo. Leo nimegombana na dereva wa basi mbele ya kamera. Ni mwigizaji, si dereva, lakini nilipomfokea kwa macho alifungua mlango kweli, na haikuwa imeandikwa hivyo. Nikhil amenibusu mkono. Kijana ana adabu.

Jumatano, 13 Novemba

Aaa. Upepo. Giza linaingia saa kumi jioni. Nimechoka na hii "aaa".

Jumamosi, 23 Novemba

Nimeacha. Sirudi.

Tulikuwa Croydon kwenye kituo cha tramu, mvua inatunyeshea kama tumeikosea. Nafika mbio na sufuria, mlango wa tramu unafungwa usoni kwangu. Vizuri. Nilikaza midomo, nikaitazama ile tramu kama deni la ukoo. Watu kituoni walicheka.

Nikhil akasema anataka kikubwa zaidi. Akanionyesha: niweke sufuria chini, nijishike kichwa kwa mikono miwili, mdomo wazi. Tena anatabasamu!

Kwetu mtoto akijiweka mikono kichwani, mama yake anaipiga ishuke: "Toa! Unamlilia nani?" Mikono miwili kichwani ni ya mwanamke aliyefiwa. Ukiiweka bure, unakiita kifo kije kuangalia nani amekiita. Na filamu yenyewe ina mtoto mgonjwa! Nimwekee tramu mikono kichwani? Tramu nyingine inakuja!

Nikakataa. Akabembeleza. Nikajaribu kumweleza: nikaonyesha ardhi, nikafumba macho, nikakunja mikono kifuani kama maiti. Yeye akadhani naongeza vichekesho, akaendelea kupiga picha, anacheka nyuma ya kamera, "Nzuri sana, Anti, tena!" Hasira zikanipanda mpaka utosini. Ningeweza kumwandikia kwenye simu. Sikutaka. Hasira yangu haiandikwi kwa kidole gumba.

Nikachukua sufuria yangu, nikapanda ile tramu niliyotakiwa kuikosa, nikaenda zangu.

Jumapili, 24 Novemba

Sikwenda kanisani. Upepo.

Jumamosi, 30 Novemba

Kailash amekuja mpaka mlangoni, na mfuko wa sambaza, safari hii wazuri. Nikampa chai. Akakaa ukingoni mwa kiti kama mchumba.

"Huyu mtoto amezaliwa huku, hajui," akasema. "Mimi Kisumu yaya wetu alinichapa hiyo mikono mpaka nikakoma. Nimemweleza juzi. Ameshtuka sana, hata kula hakula. Msamehe, Mama Miradie."

Nikamwongezea sukari.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," akasema, "lakini chako kimezidi, bana."

Moyoni nilicheka. Usoni nilibaki jiwe. Alipoondoka nilikaa peke yangu jikoni, nikajua kwamba Nikhil nimeshamsamehe. Kilichonizuia si yeye. Ile mikono ndiyo iliyonizuia, maana nilijua ikipanda haitakuwa ya tramu.

Jumatano, 4 Desemba

Upepo. Ukungu.

Jumapili, 8 Desemba

Stéphanie amenitembelea, na sombe aliyopika mwenyewe. Nilijiandaa kuonja na kusikitika. Ilikuwa nzuri. Hata ndimu alitia.

Akasema, "Dada Émilienne, mimi nikisoma matangazo natetemeka magoti. Kila Jumapili naomba sauti yako irudi, na si kwa upendo tu, kwa woga pia." Kisha akasema, "Mahali pako sisimami. Nasoma kule kwenye kinanda. Pale katikati ni pako."

Kumbe! Wiki zote hizo mimi nasema anaringa. Nilimshika mkono, nikaushikilia. Mtu nilimfikiria vibaya na alikuwa ananitunzia kiti.

Jumapili, 15 Desemba

Upepo. Leo nimesikia sauti yangu. Ilitoka bafuni.

"Miradie, umekula? Usiniambie mkate, mkate si chakula, mkate ni kifuniko cha njaa. Nimekuachia bugali kwenye sahani ya bluu…" Ilikuwa sauti yangu ya zamani, katika zile jumbe nilizokuwa namtumia kwenye WhatsApp, ndefu, kila siku. Alikuwa ananiambia hazisikilizi, hana muda. Alisikiliza moja, akasikiliza nyingine. Loo, nilikuwa nasema haraka hivyo? Hata kupumua sipumui.

Kisha akafungua maji ya bomba, na nyuma ya maji nikasikia mtoto wangu analia. Nimesimama nje ya mlango, kiganja kwenye mbao. Sikubisha.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi njema. Nikhil ametuma kipande cha filamu, mimi na dereva wa basi. Chini ameandika kwa Kiswahili, lazima baba yake alimsaidia: "Samahani Anti. Mikono ni yako, utaamua wewe."

Miradie amekitazama mara tatu. Alicheka mpaka akateleza kwenye kochi. Kisha akawatumia marafiki zake wote, na mmoja akauliza yule mwigizaji ni nani, anatisha jinsi alivyo mzuri. Nilikuwa nyuma ya bega lake nikaona alivyojibu: ni mama yangu. Hivyo tu. Mama yangu.

Nimevaa kilemba changu kikubwa kuliko vyote kwenda kanisani. Waliokaa nyuma yangu hawakumwona Pasta Serge. Wamsikilize, inatosha. Mchana nikamwandikia Nikhil: "Sufuria iko tayari."

Jumamosi, 18 Januari

Leo tumepiga picha ya mwisho, na nitaieleza yote, kwa sababu nimeifanya vizuri na sioni aibu kusema.

Ni ukumbi wa kanisa, umepangwa kama wodi. Kitanda cha wagonjwa kilikuwa cha marehemu mama yake Kailash. Nikhil, kijana wa watu, alikibeba mwenyewe na binamu zake. Katika filamu, mama ameshinda mabasi na tramu na mlinzi, anaingia wodini anahema, kilemba upande, sufuria bado ya moto. Anakwenda kwenye kitanda cha mwanawe. Kitanda kitupu. Shuka limetandikwa.

Nikhil hakuniambia nifanye nini. Alisema tu, "Ukiwa tayari, Anti." Kailash alikuwa nyuma amevua kofia. Miradie alikuja pia, ati kushika taa.

Nikaingia. Nikaona shuka.

Siku niliyopigiwa simu kuhusu Adolphe nilikuwa ndani ya basi hapa Peckham, asubuhi, limejaa, nimesimama. Mkono mmoja ulishika simu na mwingine ulishika nguzo, maana dereva alikuwa anapinda kona. Shemeji akaniambia. Nikasema ndiyo, nimesikia. Nguzo sikuiachia. Nikashuka kituo changu, nikaingia kazini, nikapiga deki ghorofa nzima, kwa sababu Miradie alikuwa shule ya vidudu na nani angemlisha. Matanga yalifanyika kule. Mimi mikono yangu haikupanda kichwani siku ile wala siku nyingine yoyote. Ilikuwa na kazi.

Leo nikaiweka sufuria sakafuni, taratibu, isimwagike. Na mikono ikapanda. Mmoja, kisha wa pili, mpaka juu ya kilemba, ikakaa. Nikafungua mdomo na nikamlilia mume wangu bila sauti hata kidogo, na nakuambia, kama ningekuwa na sauti nisingeweza.

Hakuna aliyesema "kata". Gires alitakiwa atokee nyuma ya pazia, mzima, ameruhusiwa kutoka hospitali, anakula chipsi. Alichelewa kwa sababu alikuwa anafuta macho. Alipotokea na zile chipsi mdomoni, nilimgeukia nikamwambia neno, kwa midomo tu, na huzuni yote ikageuka kicheko na watu wakacheka na kulia pamoja. Ikawa imeisha. Mara moja tu, haikurudiwa.

Taa aliyoshika Miradie ilikuwa inatikisika. Nikhil anasema kwenye picha inaonekana kama mshumaa, ataiacha hivyo.

Sijui sinema. Lakini najua nilichokifanya. Nilikuwa mkubwa leo. Adolphe, umeliliwa vizuri.

Jumapili, 19 Januari

Upepo. Nimelala kama mtoto.

Alhamisi, 20 Februari

Hospitali. Wamepitisha kamera puani mpaka kooni. Mtaalamu anasema upande mmoja umeanza kutikisika kidogo. Sauti inaweza kuja. Inaweza kuja nzito, ya kukwaruza, fupi. Ile ya zamani, ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya barabara, nisiitegemee tena.

Nimelia. Nilikuwa na sauti nzuri. Ilikuwa mali yangu.

Jioni Miradie amenipikia bugali. Ulikuwa na madonge. Nimekula wote.

Jumapili, 2 Machi

Aaa. Upepo, na ndani yake kitu kama mchanga.

Stéphanie ametangaza: Jumamosi ya tarehe kumi na tano, ukumbi wa kanisa, filamu ya dada yetu. Pasta Serge alikuwa ameuliza jambo moja tu, kama kuna busu. Hakuna busu, Pasta. Kuna sufuria. Akaruhusu.

Ijumaa, 14 Machi

Mchanga. Kilemba cha bluu au cha dhahabu? Cha dhahabu.

Jumapili, 16 Machi, asubuhi

Viti havikutosha. Walikuja wa kanisa letu na wa makanisa mengine, walikuja wateja wa Kailash, Wahindi wa Croydon, yule mama wa Kighana wa gunia. Kailash alileta sambusa sinia tatu. Nilikaa mstari wa mbele, kilemba cha dhahabu, mikono juu ya mkoba.

Taa zikazimwa. Na uso wangu ukajaa ukuta.

Mama wee. Nilijua mimi ni mzuri, lakini sikujua ni kwa ukubwa ule. Mashavu yangu, kovu langu la shingoni, jicho langu likimtazama yule dereva. Nilitaka kusimama nijisalimie.

Lakini Nikhil alikuwa ameandika maelezo kwa Kiingereza, vibao vinapita haraka, na nusu ya mama zetu hawavisomi. Nikaanza kusikia nyuma: "Anaenda wapi?" "Imeandikwa nini?" "Kasema nini?" Ukumbi ukaanza kuyumba. Kicheko kikawa cha mbele tu. Nikhil alikuwa anauma kucha kando ya mashine. Nikageuka, na moyo ukaniuma kama Jumapili ile ya kwanza bila sauti: niko pale, mkubwa kama ukuta, na watu wangu hawanisikii.

Stéphanie akasimama na maikrofoni. Hakujaribu mwenyewe. Akaenda moja kwa moja kwa Miradie, akamnyooshea. "Mwanangu, mama yako anasema nini pale?"

Miradie alitikisa kichwa. Alishika kiti. Kisha akanitazama mimi, akatazama ukuta, akachukua maikrofoni.

"Anasema…" Sauti ilimkatika. Akaanza upya, kwa Kiswahili, Kiswahili cha mtoto wangu ambacho sijawahi kukisikia kikitembea peke yake zaidi ya hatua mbili. "Anasema: 'Wee dereva! Fungua! Unataka sombe ipoe? Wewe mama yako hakukupikia?'"

Ukumbi ulilipuka. Ilikuwa mimi! Ilikuwa haraka yangu, pumzi yangu, ile "wee" yangu yenye pembe. Msichana alikuwa amezisikiliza zote, zile za WhatsApp, zote! Akashika moto. Akamfanya dereva kwa sauti nzito. Akamfanya mlinzi kwa sauti ya puani. Akawafanya njiwa. Maneno yalikuwa yanagongana, hili linamkanyaga lile, na hakuna aliyejali. Watu walipiga makofi kila sentensi, na mama za nyuma, wale wa "kasema nini", walikuwa wanamjibu. Sijui alijifunza wapi kusimama kando ya picha na mkono umenyooshwa vile. Mimi sijamfundisha. Niliona fimbo ambayo haikuwepo.

Tukafika kitandani. Shuka limetandikwa. Mikono yangu ikapanda kichwani, na Miradie akashusha maikrofoni. Alielewa, mtoto wa London, kwamba pale hapasemwi. Nikasikia mama mmoja, kisha wa pili, wanavuta pumzi kwa machungu. Kailash alikuwa ameshika kofia yake kifuani. Adolphe amefanyiwa matanga yake huku pia.

Kisha pazia likasogea, Gires akatokea na chipsi, na pale ukutani nikamgeukia, midomo inasema. Miradie akainua maikrofoni. Alikuwa analia. Akasema, kwa sauti tamu ya kanisani, "Anasema: 'Asante Mungu, mwanangu mpendwa, umepona.'"

Ati nini?

Mimi? Nimebeba sufuria London nzima, nimepigana na basi na tramu na njiwa, halafu namkuta mtoto anakula chipsi, niseme "mwanangu mpendwa"? Nilijua nilichosema siku ile. Nilijua kila neno. Kabla sijafikiri nilikuwa nimeshasimama, mkoba umeanguka, na kitu kikapanda kutoka tumboni kikapita kwenye ule mchanga wote.

"Uongo! Hakusema hivyo!"

Ilikuwa nzito. Ilikwaruza kama mlango wa zizi. Lakini ilifika nyuma, na hakuna aliyeuliza kasema nini.

Watu wote waligeuka. Stéphanie alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Miradie alibaki amesimama kwenye mwanga wa filamu, uso umelowa, ananitazama kana kwamba nimefufuka. Kisha akaanza kucheka, akaninyooshea maikrofoni kwa urefu wote wa mkono.

"Basi njoo useme wewe!"

Nikaenda.